Priampu ya betri ya bei chee kwenye besi ya Jazz: nimeifunga, nimeipima, majibu haya hapa

Wakuu, hii ni kwa wapiga besi wenye zile kopi za Jazz Bass ya Fender za nyuzi nne, pikapu mbili (zile sumaku zenye koili zinazonasa mtetemo wa nyuzi), nobu tatu, ambazo makanisa mengi na bendi za harusi hapa Dar ndo wanazo. Nimenunua ile priampu (kikuza sauti kidogo kinachofungwa ndani ya besi) isiyo na jina inayouzwa mtandaoni kutoka China, ya betri moja ya volti 9, ina nobu ya volyumu, nobu ya kuchanganya pikapu mbili, alafu nobu ya tatu ni mbili zimepandana, ya juu trebo ya chini besi. Kwa bei nilotoa, mpaka mzigo unanifikia mkononi, haikufika hata bei ya nyuzi seti mbili nzuri. Jibu la haraka kwa asiye na muda: sauti yake nzuri kuliko bei yake, jeki yake takataka, poti ya volyumu (kile kifaa kilicho chini ya nobu) wameweka isiyofaa, na kama besi yako inanguruma hii kitu haitaiponya hata kidogo, itaizidisha. Nyota tatu na nusu kati ya tano. Mwenye muda aendelee kusoma.

Kwanza kwa nini mtu anataka kuweka betri kwenye besi ambayo imeishi miaka bila betri. Besi ya pasivu, yaani isiyo na betri, inatoa umeme dhaifu unaopita kwenye poti za kilo-omu 250 na kebo ndefu, na kebo yenyewe ina tabia ya kapasita (kifaa cha kutunza chaji), kila mita inaongeza kama pikofaradi 100 hivi, sasa ukumbi ambao miksa iko nyuma kabisa alafu umepewa kebo ya mita kumi, ule mng'ao wa juu unafia njiani na unabaki na sauti imefunikwa blanketi. Priampu inakaa ndani ya besi, inapokea ule udhaifu papo hapo na kuusukuma kwa nguvu, kebo haikusumbui tena. Faida ya pili ni kwamba unaweza KUONGEZA, sio kupunguza tu, maana nobu ya toni ya pasivu kazi yake ni kukata trebo basi, haina uwezo wa kukupa besi zaidi ya ile iliyopo. Ndo wazo lililoifanya besi ya StingRay ya kampuni ya Music Man ya mwaka 1976 ipendwe, betri moja, nobu ya besi, nobu ya trebo, mambo mawili tu. Hii ya kwangu imefuata mkondo huohuo. Na mtindo wa nobu kupandana sio uchina kama wengine wanavyodhani, Jazz Bass za mwanzo kabisa mwaka 1960 zilikuja na nobu za kupandana, volyumu na toni kwa kila pikapu, baadae ndo wakaja na hizi tatu tulizozizoea.

Sasa hapo kwenye ngurumo nataka nikae kidogo, kwa sababu ndo sababu namba moja watu wanaagiza hii kitu na ndo sababu hawa hawa wanaandika maoni ya hasira chini ya bidhaa. Nimesikia mafundi wakimwambia kijana "weka aktivu, mvumo utakwisha". Hapana aisee. Kuweka priampu kwenye besi inayonguruma ni kujipulizia marashi kabla ya kuoga. Umeme wetu ni wa hezi 50, mvumo unaousikia ni hezi 50 na ndugu zake 100 na 150, na nobu ya besi ya hii priampu inanyanyua eneo hilohilo. Ukifungua nobu ya besi, mvumo nao unafunguka.

Kwaiyo kabla hujatoa hela fanya hivi, besi ikiwa bado pasivu. Chomeka, weka volyumu zote mwisho, usipige kitu, sikiliza. Alafu shika nyuzi kwa mkono. Mvumo ukipungua ukishika, waya wa ethi wa kwenye briji (kile chuma kinachoshika nyuzi upande wa chini) uko salama, tatizo lako ni kwamba tumbo la besi (lile shimo la nyaya na poti) halijavishwa kinga na mwili wako ndo umegeuka kinga. Usipobadilika kabisa, au ukiongezeka, anza kushuku ule waya unaopita chini ya briji, kwenye besi za bei rahisi wanaubana tu chini ya chuma bila kuusolda, mtu akibadilisha urefu wa nyuzi au akifungua briji kusafisha unahama na hakuna anayejua. Chukua multimita, weka kwenye mlio, ncha moja kwenye briji ncha nyingine kwenye mwili wa jeki, isipolia umeshampata mwizi. Mita yenyewe Kariakoo zimejaa, ya bei ya chini kabisa inatosha kwa kazi hii.

Jaribio la pili: volyumu zote mbili mwisho, sikiliza, alafu punguza moja. Kwenye Jazz iliyotengenezwa vizuri pikapu mbili zimesukwa kinyume na sumaku zake zimegeuzwa, zikiwa sawasawa mvumo unajiua wenyewe, ukipunguza moja mvumo unarudi. Hiyo ni tabia ya pikapu za koili moja, sio ubovu, usimlipe mtu akutengenezee kitu ambacho hakijaharibika. Ila ukizifungua zote mbili na sauti ikawa nyembamba, imekonda, besi imekimbia, hapo waya za pikapu moja zimegeuzwa, badilisha nyekundu ikae kwa nyeusi kwa pikapu moja tu (angalia tu kama ile nyeusi haijaungwa na chuma cha kava, zipo hivyo) utasikia besi imerudi nyumbani. Na kama unashuku pikapu imekufa, itoe waya zake kwenye poti uipime yenyewe, ya Jazz kwa kawaida inasoma kilo-omu 7 au 8 hivi, ikikataa kusoma kabisa koili imekatika. Hata bila mita, gonga polepole chuma cha pikapu kwa bisibisi, ukisikia tok kwenye spika ipo hai.

Kinga ni tepu ya shaba. Unabandika tumbo lote la ndani na nyuma ya ile pleti ya nobu, vipande vigusane, alafu unaviunganisha na ethi. Hakikisha gundi yake inapitisha umeme, zipo ambazo gundi haipitishi, tepu inakuwa mapambo tu, kwaiyo pima kipande hadi kipande. Foili ya jikoni inafanya kazi pia ila solda haishiki kwenye aluminiamu kirahisi, utahangaika na skurubu. Mimi kwangu tepu ya shaba ndo ilifanya kazi kubwa kuliko hata hiyo priampu ninayoihakiki hapa, na kama ningekuwa na hela ya kitu kimoja tu ningechukua tepu.

Na mvumo mwingine hauko kwenye besi kabisa. Ukumbi una jenereta, ekstensheni ya pini mbili, ethi ya soketi haijaenda popote, hapo hata ukileta besi ya milioni kumi italia. Cha hatari zaidi ni kwamba nyuzi zako zimeunganishwa na chuma cha nje cha ampu kupitia ule waya wa briji, ampu isipokuwa na ethi ya kweli na maiki inatokea miksa yenye umeme wa upande mwingine, ukisogeza mdomo kwenye maiki unapigwa shoti ya midomo. Waimbaji wanaopiga besi huku wanaimba wanalijua hili. Dawa yake ni ethi ya jengo, kuvunja pini ya ethi kwenye plagi ili mvumo upungue ni kutafuta kifo, msifanye jamani.

Haya turudi kwenye mzigo. Unakuja kwenye mfuko wa plastiki, hamna karatasi ya maelekezo, ipo picha ndogo tu kwenye tangazo inayoonyesha waya kwa rangi. Bodi ni ndogo ya kijani imeshikana na ile poti ya kupandana, viunganishi vyeupe vya kuchomeka kwa hiyo pikapu huhitaji kusolda kama waya zako zina vichwa vinavyoendana, za kwangu hazikuendana kwaiyo nimekata na kusolda. Waya wa ethi ya briji lazima usolde mgongoni mwa poti kwa hali yoyote. Chuma cha kusolda kiwe na moto wa kutosha, wati 40 hivi, ukitumia kidogo utakaa mgongoni mwa poti dakika nzima na utaichemsha ndani kabla solda haijashika.

Aisii iliyopo (kile kichipu kinachokuza sauti, ndani yake vikuza viwili) imeandikwa TL062, nikafurahi na kuhuzunika kwa wakati mmoja. Hii inakula umeme kidogo sana, kama maikroampea 200 kwa kila nusu yake, wakati ndugu yake TL072 inakula miliampea 1.4 kwa kila nusu. Ila TL062 ina shshsh zaidi. Wametuchagulia maisha ya betri badala ya ukimya. Kwa besi ni uamuzi ambao naweza kuutetea, spika nyingi za besi hazifiki juu sana huko kwenye shshsh, lakini ukichomeka moja kwa moja kwenye miksa ukarekodi kwa kompyuta ukavaa hedifoni utaisikia, hasa ukifungua trebo kupita nusu.

Poti ya volyumu imeandikwa B250K, hiyo herufi B ni kwamba inapanda kwa mstari ulionyooka, sikio letu haliko hivyo. Matokeo yake ukiizungusha kutoka mwisho kurudi nusu husikii tofauti ya maana, alafu robo ya chini sauti inaanguka ghafla. Kwa mtu anayeshusha sauti wakati mchungaji anaombea na kuipandisha taratibu kwenye kuabudu hiyo ni kero ya kila Jumapili. Weka A250K. Ya kuchanganya pikapu haina shida, ina kituo katikati unakihisi kwa kidole, na pale katikati pikapu zote ziko mwisho, mvumo unajiua kama kawaida.

Jeki ndo imenikera. Besi ya betri inatumia jeki ya stereo hata kama kebo yako ni ya kawaida, ncha inabeba sauti, mwili ni ethi, na pete ya katikati ndo imefungwa waya mweusi wa betri. Ukichomeka kebo ya mono, mwili wa plagi unagusa pete na mwili wa jeki kwa pamoja, betri inawaka. Ukichomoa inazima. Sasa hii jeki yao ile pete yake laini, inalegea, unacheza vizuri alafu ukigeuka mwili betri inakatika sekunde moja, PAH kwenye spika, watu wote wanakuangalia wewe. Nimetoa nikaweka ya kampuni ya Switchcraft, kelele imekwisha. Na kwa sababu hiyohiyo kebo ya stereo haitaiwasha kabisa hii besi, kwa wale wanaookota kebo yoyote ya miksa alafu wanasema priampu mbovu.

Kuingiza kwenye tumbo la Jazz ni mbinde. Betri ya volti 9 ina urefu wa milimita 48 na nusu, upana 26 na nusu, unene 17 na nusu, pima kwanza kwa rula kabla hujaagiza. Kwangu imeingia imelala chini ya poti imefungwa sponji, inabana, kubadilisha lazima nifungue pleti nzima, na sina mpango wa kupeleka besi kwa seremala ichimbwe kwa ajili ya kitu cha bei hii. Ukishaweka tepu ya shaba kuna mtego: besi inalia vizuri pleti ikiwa wazi, ukifunga skurubu inakuwa bubu. Ni ile ncha ya jeki, plagi ikiingia inasukuma kile chuma kirefu kikagusa shaba ya ukutani, sauti yote inaenda ethi. Zungusha jeki, au bandika tepu nyeusi ya umeme pale ukutani. Kosa hilo nimeshalikuta kwenye besi za watu wengi walioniletea wakisema "fundi kaharibu" wakati fundi kafanya kazi nzuri tu.

Sauti sasa. Nobu zote zikiwa katikati haiko kama pasivu kabisa, imesafishwa kidogo, chini imekaza. Nobu ya besi inanyanyua chini sana, ni ile besi ya tumboni, kwa rumba taratibu na nyimbo za kuabudu ni tamu, robo tu juu ya katikati inatosha. Kwenye sebene iache katikati kabisa tena hata uipunguze, kwa sababu besi ya sebene inatakiwa iongee na gitaa, ile sauti ya midi (ya kati, sio besi sio trebo) ya kugonga, na hii priampu midi haina nobu yake. Hapo ndo pengo lake kubwa kimuziki. Nimegundua kupunguza besi na trebo kidogo kwa pamoja alafu kuongeza volyumu kwenye ampu inakupa midi ya mlango wa nyuma, na nikitelezesha ile nobu ya mchanganyiko kuelekea pikapu ya nyuma inaongea freshi. Sio sawa na nobu ya midi lakini inasogeza.

Ukifungua nobu ya besi mpaka mwisho na ukagonga kwa dole gumba sauti inapasuka. Haishangazi, betri ni volti 9 na mawimbi yote juu na chini lazima yaingie humo ndani, TL062 yenyewe haifiki kingoni mwa hizo volti 9. Ndani ya bodi kuna kaskurubu kadogo ka kurekebisha nguvu, nimekapunguza mpaka sauti ya aktivu ikalingana na nilivyoikumbuka pasivu, kupasuka kumepungua sana. Kiwandani wanakaacha juu ili ukichomeka mara ya kwanza useme "wooow", ujanja wa biashara ule.

Najua kuna atakayeuliza habari ya kuweka betri mbili zipande volti 18, watu wanaisifia. Aisii inavumilia, TL062 inakubali mpaka volti 36 jumla. Lakini angalia zile kapasita za mapipa kwenye bodi, za kwangu zimeandikwa volti 16. Betri mbili mpya zinapita 18. Usifanye hivyo mpaka ubadilishe hizo kapasita kwanza, weka za volti 25 au 35.

Betri: nimepima kwa kupitisha mita katikati ya klipu na betri, inakula kama nusu miliampea. Betri ya alkali ya volti 9 ina miliampea-saa kama 500, kwa hesabu ya karatasi ni masaa elfu moja, ukweli ni chini ya hapo maana ikishuka kwenye volti 7 sauti inaanza kukwaruza na kupasuka kwenye noti nzito kabla haijazima. Wengi wakisikia hivyo wanapeleka spika kwa fundi. Kebo ikiachwa imechomekwa kutoka Jumapili hadi Jumapili ni masaa 168 yamekwenda bure, mwambie yule kijana anayefunga vyombo achomoe upande wa besi, kuzima ampu peke yake hakusaidii. Na zile betri za bei rahisi za kaboni zinavuja, zikivuja ndani ya tumbo zinakula klipu na waya.

Kitu ambacho walipaswa kuweka na hawajaweka ni swichi ya kurudi pasivu. Betri ikifa katikati ya ibada hii besi inakufa nayo. Kwa bahati nzuri volyumu na mchanganyiko ziko KABLA ya bodi, kwaiyo nimebadilisha ile poti ya volyumu kwa A250K ya kuvuta na kusukuma, ina swichi chini yake yenye miguu sita, ukivuta sauti inatoka kwenye volyumu inaenda jeki moja kwa moja bila kupita kwenye bodi. Nimeua ndege wawili, ile B imetoka na pasivu imepatikana. Pasivu yangu haina toni ila inaokoa ibada. Angalizo, poti za hivyo ni ndefu kwenda chini, pima kina cha tumbo. Na kama yako ni aina nyingine ambayo volyumu iko BAADA ya bodi, hizo kawaida ni poti za kilo-omu 25 au 50, huwezi kufanya huu mchezo kirahisi, pikapu za pasivu zikikutana na kilo-omu 25 zinafunikwa zote.

Kwaiyo ukijumlisha jeki nzuri, poti nzuri na tepu ya shaba, gharama inafika karibu mara mbili ya ile ya kwenye tangazo, na kama huwezi kusolda ongeza hela ya fundi. Bado ni rahisi kuliko kununua besi ya aktivu. Wenye Precision, ile besi nyingine ya Fender, sishauri, ile pikapu yake ya vipande viwili haina mvumo na sauti yake ndo hiyohiyo watu wanaitafuta, na nobu ya mchanganyiko itakuwa haina kazi. Wenye nyuzi tano wenye pikapu pana za kisabuni tafuteni yenye nobu ya midi, zipo za bodi ya namna hii hii. Na ukiagiza mwombe muuzaji picha ya bodi kwa karibu upande wa kapasita na aisii, akikutumia ile ile ya tangazo tafuta mwingine.